Kuku wa Ainea na Sahihi Yangu

Kibao mlichonipa siku ya kuniaga nimekitundika sebuleni, juu ya redio, na kina kosa. KWA HELI MADAM FEBE, kinasema, kwa herufi za dhahabu, juu ya ubao uliosuguliwa ukang'aa kama sufuria mpya. Miaka thelathini na moja nimekaa hapo karakanani nikiwinda makosa ya watu, na siku ya kutoka mnanifungia moja kwa karatasi ya zawadi, na utepe juu. Mume wangu alikisoma mara mbili akasema ni kizuri sana. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikanyoosha mkono kutafuta kalamu, kwa mazoea tu, nikakumbuka kwamba sina tena mtu wa kumpelekea.

Basi nimeamua kuwaandikia. Nilianza na mshahara gani na nilipandishwa lini, hayo yako kwenye faili na hayachekeshi. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kusoma nikiwa mtu mzima, halafu niwaeleze jinsi muhuri mmoja wa kadi, wenye picha ya kuku, ulivyotaka kuwanyang'anya wamama wa Shinyalu kiwanja chao. Wengi wenu mnajua kipande tu cha hadithi hiyo, na kipande mnachokijua kinanipendelea mno.

Siku ya kwanza niliingia kazini na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiswahili nilikuwa nimekipasua, na sikuona haja ya kulificha jambo hilo. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Mkubwa, alinipeleka kwenye meza ya dirishani akaniambia, "Huyu ni Ainea. Yeye anachonga, wewe unasoma. Kosa likipita hapa ni lako." Akaenda zake kunywa chai.

Ainea alikuwa mtu wa Chekalini, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na tayari watu walimwita mzee kwa sababu ya vile alivyokuwa hana haraka. Kisu chake alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa waya wa mwavuli, akakinoa juu ya jiwe mpaka ncha ikawa ya sindano. Siku hizo hatukuwa na mashine. Alichonga maneno kwenye kipande cha raba, herufi zote zikiwa zimegeuzwa, ili ukichovya kwenye wino na kugonga kadi zisomeke sawasawa. Pole kwa Msiba, Hongereni Maharusi, Asante kwa Kufika, zote zilitoka kwenye ule waya wa mwavuli.

Alinipa muhuri wa kwanza. "Soma."

Niligonga kwenye karatasi, nikasoma kwa sauti ya mtu aliyepewa somo mbele ya askofu. "Heri ya Siku ya Kuzaliwa."

"Iko sawa?"

"Iko sawa, mzee."

"Soma tena."

Nikasoma tena, sasa nikikasirika kidogo. "Iko sawa."

Akachukua msumari aliokuwa nao sikioni, akaugusisha kwenye karatasi, herufi moja baada ya nyingine. Muhuri ulisema KUZALWA. Alikuwa ameuchonga hivyo makusudi, na alitembea nao kwenye mfuko wa koti kwa ajili ya wasomi kama mimi.

"Unajua shida yako? Unaelewanga haraka," akasema. "Ukishaelewa, macho yanaacha kazi yanaenda kupumzika. Anza mwisho uje mwanzo. Silabi moja moja. Usielewe kitu."

Hiyo ndiyo elimu yote niliyopata, na ndiyo niliyojaribu kuwapa nyinyi. Nimesoma kadi za harusi za nusu ya mkoa huu nikianzia mwisho, msumari mkononi, bila kuelewa ni nani anayemwoa nani, na nilikuwa hodari.

Kulikuwa na utaratibu ambao wengine wenu hamkuukuta. Kila muhuri mpya uligongwa mara moja nyuma ya karatasi ya kalenda kuukuu. Tuliita jaribio. Upande wa pili liliandikwa jina la mteja. Mimi nilisoma, nikatia tarehe na sahihi, kisha jaribio likatungwa kwenye msumari mrefu ukutani, pale karibu na dirisha. Msumari ukijaa, karatasi zinaingia kwenye kasha. Muhuri usio na jaribio lenye sahihi haukutoka mlangoni, hata mteja angelia. Siku hizi mnabonyeza tu kwenye kompyuta, na mtu akiuliza nani alisoma, mnasema "mfumo".

Nisidanganye kwamba kazi ilikuwa ya huzuni. Wamama walioshona vitambaa vya makochi walituletea KALIBU MGENI kwa dazeni. Inspekta mmoja mstaafu alirudisha kibao cha getini kilichosema MBWA MKARI. Nikaomba msamaha kabla hajafungua mdomo, kumbe hakuwa ameona maneno, alichukia kwa sababu mbwa tuliyemchora alikuwa anatabasamu. Kuna mwalimu aliyeagiza kitambaa cha ukutani, Nyumba Hii ni ya amani, na mshonaji wetu, kwa heshima, akaiwekea amani herufi kubwa. Mkewe alitaka kujua huyo Amani ni nani na amejengewa tangu lini. Mwalimu alikuwa mlangoni kwetu Jumatatu kabla hatujafungua, macho mekundu, akiomba a ndogo. Na ule muhuri wa KRISMAS JEMA, wenye makosa mawili katika maneno mawili, ndio ulionunuliwa kuliko yote. Mkubwa alinikataza kuugusa mpaka Januari.

Nilikuwa na dharau, niseme ukweli. Watu wa kwetu tukichanganya l na r nilikuwa nacheka mpaka nashika meza. Nilijiona mtu wa pwani aliyezaliwa Kakamega kwa bahati mbaya.

Mwaka wangu wa tatu akaja Mama Rispa. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wamama wa Shinyalu waliotengeneza kadi kwa maganda makavu ya migomba na kuwauzia wageni wanaokuja kuona msitu. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kikapu kisichomtoka mkononi. Alitaka muhuri wa kumpongeza mtu aliyejifungua, wa duara, wenye picha ya kuku na vifaranga.

"Kuku tena, mama? Si uweke kitanda cha mtoto?" nikamuuliza.

"Kwani kwenu mtoto akizaliwa watu wanakuja na kitanda? Si wanakuja na ingokho?"

Hapo hakukuwa na la kubishana. Niliandika maneno mwenyewe kwa penseli, Ainea akayasugua juu ya raba mpaka yakaachia alama, akachonga. Kuku yule alimchukua siku mbili. Alikuwa na macho, alikuwa na kiburi, na vifaranga vinne vilimfuata kama vimechelewa shule. Kwenye mkia kisu kiliteleza kikaacha pengo dogo. Ainea akaliangalia akasema, "Huyu amenyonyolewa unyoya mmoja. Atapona."

Jaribio lilinifikia alasiri ya Alhamisi. Kaka yangu alikuwa nje na baiskeli, akipiga kengele, kwa sababu tulikuwa tunaenda Lubao kuangalia mtamba wa mahari yake. Na yale maneno yalikuwa mwandiko wangu. Nani anahitaji kujisahihisha? Nilisoma kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Nikaelewa. Nikatia tarehe na sahihi, nikalitunga jaribio kwenye msumari, nikapanda baiskeli. Mtamba wenyewe alikuwa anachechemea.

Wiki mbili baadaye mwanamume mmoja alisimama dukani kwetu na kadi ya wamama wa Shinyalu mkononi, akicheka na kufuta machozi. "Ebu niambieni," akasema kwa sauti, "hapa mnamhongela nani?" HONGELA KWA KUPATA MTOTO. Mkubwa akatoka ofisini. Akasoma. Akasema akimaliza chakula cha mchana atakuja kwenye msumari aone ni nani alitia sahihi.

Wakati huo nilikuwa bado kibarua. Barua yangu ya kazi ya kudumu ilikuwa mezani kwa Mkubwa, ikingoja mwisho wa mwezi. Baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye trekta ya miwa na alikuwa amelala nyumbani na kiuno kibovu, na nyuma yangu kulikuwa na watoto watano wa shule. Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba nilipima, sikufanya kwa kuchanganyikiwa. Wenzangu walipotoka kwenda kula nilikwenda kwenye msumari, nikatoa majaribio mawili ya juu, nikachukua la tatu, nikarudisha yale mawili. Nikalikunja nikalitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Mkubwa alirudi akapekua. Hakuna. Akamgeukia Ainea. "Hukumpa huyu msichana asome?"

Ainea aliangalia msumari, kisha akaniangalia mimi. Si kwa muda mrefu. "Labda nilisahau," akasema.

Alinyang'anywa kisu siku hiyo hiyo. Wakamweka uani, kusugua vipini vya mihuri kwa msasa, kazi ya mtu asiyejua kazi. Alisugua kuanzia palizi ya kwanza la mahindi mpaka watu wakavuna. Kisu chake cha waya wa mwavuli alipewa mchongaji mwingine aliyekishika kama mtu anayefungua soda. Mimi nilikaa dirishani na barua yangu ya kudumu, na dirisha lile, kama mnavyojua, linatazama uani. Nilisikia ule msasa kutwa nzima. Kila asubuhi nilisema leo nitasema, na kila jioni nikasema kesho.

Yule mwingine alipojikata kidole gumba, Ainea alirudishwa mezani. Alinoa kisu siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Kuna kazi gani?" Tukaendelea. Alinifundisha kuchanganya wino, alinifundisha kusikia kwa kidole kama herufi imesimama au imelala, alikuja kumzika baba yangu. Alipostaafu akarudi Chekalini kwenye mahindi yake, na hatukuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja.

Na muhuri wenyewe? Mkubwa alinituma Shinyalu niubadilishe. Mama Rispa alikataa katakata.

"Kuku yuko sawa?"

"Kuku yuko sawa, mama. Ni maneno."

"Watoto wanaozaliwa hawasomangi," akasema, akaurudisha kwenye kikapu.

Kilichofuata sikukijua mpaka juzi. Miaka minne baadaye jirani yao mmoja, Mzee Zablon, aliwapa wamama kiwanja kando ya njia wajenge kibanda cha kazi. Wakaandika makubaliano, wakayapeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akasema makubaliano ni mazuri, lakini muhuri wa kikundi uko wapi? Bila muhuri, akasema, hiyo ni barua ya mapenzi tu. Mama Rispa akafungua kikapu. Walikuwa na muhuri mmoja duniani. Akagonga kurasa zote tano. Karani aliona duara, aliona wino wa zambarau, akaridhika akatia faili. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini wamama wa Shinyalu wamekaa kwenye kiwanja chao kwa hati inayompongeza msomaji, mara tano, kwa kupata mtoto. Hakuna aliyeisoma. Karatasi ikishakuwa na muhuri kwetu haisomwi, inaangaliwa tu.

Sasa tufike mwaka jana. Mwaka wangu wa mwisho nilitaka kuondoka msafi, na hapo ndipo nilipochafua kila kitu. Mnakumbuka ile kampeni yangu: lete muhuri wenye kosa, ubadilishiwe bure. Nilikuwa na orodha ya makosa yaliyonipita maishani, kumi na moja, na nikayafuata moja moja kwa bodaboda kama mtu anayedai ng'ombe wake. Sheria ya karakana mnaijua: muhuri mbovu unakatwa katikati mbele ya mwenyewe, usije ukatumika tena.

Mama Rispa sasa ni mzee, anatembea na fimbo, lakini kikapu bado kipo. Alinikaribisha kwa obusuma, ule ugali wetu, na mboga. "Nimekubali kwa sababu unastaafu," akasema. "Mtu anayestaafu asinyimwe kitu." Nikampa muhuri mpya uliotoka kwenye mashine ya Violet, mchongaji wenu wa siku hizi, HONGERA safi, kuku mzuri, wa kufanana pande zote. Nikaukata ule wa zamani kwa mkasi, kuku wa Ainea akiwa katikati, nikatupa vipande jikoni mwake kwenye moto. Ulinuka raba. Nilirudi Kakamega nikiimba.

Haikupita miezi mitatu, Mzee Zablon akafariki. Mwanawe, Josia, alikuja kutoka mjini na mafundi wawili na kamba ya kupimia, anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Wamama wakamwonyesha makubaliano. Huyu ndiye mtu wa kwanza, tangu karatasi ile iandikwe, aliyeisoma. Akauliza ni ofisi gani ya serikali inapongeza waliojifungua. Akawaomba wagonge muhuri wao aone. Wakagonga ule mpya. Akaweka hati pembeni, akatingisha kichwa. Mashahidi wa siku ile, mmoja alikuwa ameshakufa na mwingine alikuwa shemeji yake Rispa, na kule ofisini faili halikuonekana tena. Chifu akaita kikao Ijumaa.

Mama Rispa alinipigia simu. Hakusalimu. "Febe, ule muhuri wa zamani vipande vyake vilienda wapi?"

"Vilichomeka, mama. Kwa moto wako."

Akasema, "Basi tumekwisha," na nikasikia sauti yake ikivunjika, mama yule ambaye sijawahi kumwona bila mzaha mdomoni. Wamama kumi na wanane, kibanda, cherehani nne, maganda ya migomba yaliyoanikwa mpaka kwenye paa, vyote vinangoja Josia amalize kupima. Na aliyekata uthibitisho wao katikati ni mimi, bure, kwa kampeni.

Violet, najua unasoma hapa. Uliniambia, "Madam, nipe dakika tano tu, mashine itatoa hongela ile ile, nani atajua?" Ulisema kwa upendo, na nakushukuru. Nilikaa kwenye kiti changu nikalifikiria wazo lako kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Lilikuwa linanifaa sana. Maana nilijua mahali ulipo uthibitisho wa kweli, na mashine yako ingeniepusha kuutoa.

Ulikuwa kwenye kitabu changu cha nyimbo. Miaka ishirini na minane nimekwenda nao kanisani kila Jumapili. Mara nyingi nilitaka kuuchoma, nikashindwa. Kazi yangu ilikuwa kutunza majaribio, na mkono haukukubali. Mbele jaribio lilikuwa na ile hongela na kuku mwenye pengo mkiani. Nyuma, jina la kikundi. Chini, tarehe na sahihi yangu, na mkia mrefu niliokuwa naiwekea sahihi zamani nilipokuwa najiona.

Ijumaa ilinyesha kabla ya saa nane, kama kawaida yake, na kikao kikaingizwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mabati yalikuwa yanapiga kelele mpaka chifu akawa anasema akisimama kwenye kiti. Mama Rispa alikuwa amemwita pia Mzee Ainea, kama mchongaji. Alikuwa ameketi benchi la nyuma, koti limelowa, sabini na moja sasa, masikio yamezidi kuwa makubwa. "Mulembe, Febe," akanisalimu. Sikuweza kumwangalia.

Josia alizungumza kwa adabu. "Mama zangu, mimi siwafukuzi. Nauliza tu. Muhuri wa kikundi ni huu. Ulio kwenye karatasi ni mwingine. Wa karatasi hauonekani, ati umekatwa, ati umechomwa. Mimi nikileta stori kama hiyo mtaniamini? Hii karatasi imeandikwa baba akiwa kaburini."

Chifu akaisoma hati kwa sauti, polepole, ukurasa baada ya ukurasa. "Hon-ge-la." Watu wakaanza kucheka, na wamama kumi na wanane wakainamisha vichwa. Kile kicheko kiliniuma kuliko maneno ya Josia, maana kilikuwa changu na waliokuwa wanakibeba ni wao.

Nikasimama. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikapeleka jaribio mbele.

Chifu alilisoma, akaligeuza, akalisoma tena. "Tarehe hii ni miaka minne kabla ya makubaliano."

"Ndiyo, chifu."

"Na jina la kikundi liko hapa nyuma. Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hivyo wewe ulisoma hii hongela, ukaona iko sawa?"

"Niliona iko sawa kabisa."

Ukumbi ulicheka mpaka mvua ikashindwa. Mimi pia ningecheka. Lakini chifu hakuwa amemaliza, ni mtu makini. "Na imekuwa wapi miaka yote hii? Mbona haiko kwenye kasha la kazini kwenu?"

Hapo ningeweza kusema niliihifadhi. Neno zuri, lina heshima. "Niliiiba," nikasema. "Niliitoa kwenye msumari Mkubwa akiwa anakula, ili kosa lionekane ni la mchongaji. Alinyang'anywa kisu kwa ajili yangu. Ni yule mzee pale nyuma, na sijawahi kumwomba msamaha." Sikupanga kulia, lakini nililia, mbele ya watu wa Shinyalu wote.

Chifu alitoka kwenye kiti, akaweka hati na jaribio pamoja, akaviinua dirishani. Kuku akalala juu ya kuku. Vifaranga juu ya vifaranga. Pengo la mkia likaingia kwenye pengo la mkia. Akamwita Ainea. "Mzee, kuku huyu unamjua?"

Ainea alitafuta miwani mifuko yote. Aliangalia kwa utaratibu, kama tuko mezani na hakuna anayengoja. "Kuku ni wangu," akasema. "Maneno ni ya huyu."

Hata Josia alicheka. Aliomba kuiona tarehe tena, akaisoma, akaenda akampa Mama Rispa mkono na kumwambia kamba ya kupimia ataitoa jioni hiyo. Kiwanja kikabaki kwa wamama.

Baadaye tulikula pale kibandani, mvua ikipungua. Mama Rispa alichinja, na alileta sahani ya Ainea kwa mikono yake mwenyewe, na juu ya kitoweo ameweka imondo, ile firigisi ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye heshima kuliko wote waliopo, na mwanamke haigusi. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikamwambia, "Mzee, nilikukosea."

"Nilikuona," akasema. "Siku ile. Nilikuwa nyuma ya kabati la wino, natafuta sifongo."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa. Mimi nilikuwa na shamba." Alitafuna kidogo. "Lakini nilingoja useme. Ule mwaka wa kwanza nilingoja sana, kila siku nikisugua nilikuwa nasema leo atakuja. Halafu nikachoka kungoja, nikakuzoea tu hivyo."

Aliichukua imondo kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula wewe," akasema. "Meno yangu yamekwisha." Nikaila, wamama wote wakiangalia.

Sasa turudi kwa kibao chenu. Nimesikia mna aibu, na kwamba Violet anataka kuja Jumamosi kukichukua akitengeneze upya. Kisiguswe. Nimeshakizoea. Ila nimekigeuza, na nyuma nimepiga mistari miwili kwa rula, mmoja wa tarehe na mmoja wa sahihi. Yule aliyekisoma akaona kiko sawa aje atie jina lake mwenyewe. Chai iko, kalamu iko juu ya redio, na mimi simngoji kwa hasira. Asichelewe tu.